Kamati ya madini nayo iandikwe kwa kirefu

Asante mwandishi kwa makala ya marehemu Jaji Mark Bomani, ila kamati ya madini ya 2007, ile aliyoiongoza kuangalia upya sekta ya madini nchini, umeipitia mbio mno. Mzee alishakuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali tangu 1965 hadi 1976, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho, kisha akawasaidia Mwalimu na Mandela kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Angeweza kupumzika jamani! Kamati yake ikaeleza wazi kwamba nchi inaambulia kidogo migodini, na 2010 ikatungwa sheria mpya ya madini. Hapa Tanga huwa nawaona mawakili wa serikali vijana mahakamani, mafaili ya kesi za ardhi wameyakumbatia hadi kidevuni. Hao ndio wanaoihitaji sehemu hiyo ya kamati. Tuandikie makala ya pili, tafadhali.