Wahudumu wa Ndege: Je, Jina Linatosha?

Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya abiria ya Japan Airlines iligongana na ndege ndogo ya walinzi wa pwani katika uwanja wa Haneda, Tokyo. Watano kati ya sita waliokuwa kwenye ile ndogo walifariki, lakini watu wote 379 wa ndege kubwa walitoka hai ikiwaka moto. Mfumo wa matangazo ulikuwa umekufa, hivyo wahudumu tisa walipaza sauti, wakachungulia miali ya moto madirishani na kufungua milango mitatu tu kati ya minane. Hao ndio tunaowaita wahudumu wa ndege, jina lile lile la anayeleta soda mezani hotelini.

Wapo wanaoona jina hilo linawapunja, na hoja yao ina uzito. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinaifafanua kazi hii kwa usalama wa abiria, wala hazitaji chakula. Abiria aliyezoea kumwona mhudumu akisukuma toroli la vinywaji anaweza kukawia kumtii anapoamriwa aache begi lake na kukimbia.

Hata hivyo, sioni kosa katika neno lenyewe. Askari huhudumu jeshini, na mhudumu wa afya tunamkabidhi uhai wetu. Ellen Church, mwanamke wa kwanza kuifanya kazi hii nchini Marekani mwaka 1930, alikuwa muuguzi.

Kinachonisumbua zaidi ni "wafanyakazi wa ndege", maneno yanayotumika kwa marubani na wahudumu kwa pamoja. Fundi wa karakana, mkata tiketi na mpakia mizigo nao ni wafanyakazi, na mwajiriwa wa shirika anayesafiri likizoni ni abiria tu. Baharini mpishi na fundi wa injini wote ni mabaharia chini ya nahodha. Neno "rubani", ambalo zamani lilikuwa la anayeongoza vyombo kuingia bandarini, lilipanda angani. "Baharia" likabaki majini, na angani hakuna jina la kundi. "Wanahewa" lingefaa, ila Kenya limekwisha kuwa jina la jeshi la anga.

Kwa hiyo ni afadhali kuandika "marubani na wahudumu", hasa katika habari za ajali. Ndege iliyoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili. Marubani wote wawili walikuwa miongoni mwa watu 19 waliofariki, na familia zao zilistahili kusoma habari iliyowataja kwa kazi yao.