Tangawizi ni dawa ya watu, ulinzi wake uanze kwenye udongo

Kuna harufu moja ambayo mkulima wa tangawizi huku milimani Same akiisikia moyo unampasuka, ni harufu ya tunguu lililooza, yaani ile tangawizi yenyewe ya chini ya udongo. Inaanza taratibu, majani ya chini yanageuka njano kuanzia kwenye ncha, unajiambia labda jua, labda mbolea haijatosha, baada ya siku chache unashika shina unalivuta kidogo tu linakuja lote mkononi, pale chini limelowa kama limechemshwa, ukifukua tunguu ukaliminya ndani yote ni uji na mkononi linabaki ganda tupu. Mi yalinikuta kwenye robo eka na sijasahau.

Nilifanya kile wengi wetu tunafanya, nikakimbilia duka la pembejeo nikaomba dawa ya ukungu, nikabeba bomba mgongoni nikapiga, nikarudia, na ugonjwa ukaendelea kushuka tuta kwa tuta kama vile hakuna kilichofanyika. Baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba kinachoozesha tangawizi namna hii mara nyingi ni pithiamu, na pithiamu sisi tunaiita fangasi lakini kisayansi iko karibu zaidi na mwani kuliko uyoga, kwa hiyo dawa nyingi za ukungu haziigusi kabisa. Alafu vijimbegu vyake vina vimkia, vinaogelea. Hebu fikiria sisi Wapare na mifereji yetu, maji yanatoka ndiva, yale mabwawa yetu ya umwagiliaji, yanapita shamba la juu yanaingia la chini, yaani ugonjwa unasafirishwa na maji yale yale tunayogombania zamu.

Na si kila mnyauko ni pithiamu. Kuna fuzariamu, huyo ni fangasi kweli, mmea unadumaa na kukauka polepole. Na kuna mnyauko wa bakteria, huu unaupima mwenyewe nyumbani, kata kipande cha shina kitumbukize kwenye glasi ya maji safi usikitikise, ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kwenye maji basi ni bakteria na dawa ya ukungu hapo ni hela imetupwa. Watu wangapi wanafanya kipimo hiki cha glasi kabla ya kutoa pesa dukani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tangawizi sio zao la hivi hivi tu. Mtoto akikohoa usiku anachemshiwa hiyo, mama aliyejifungua anaisubiri kwenye uji, na ile 2020 korona ilipoingia nchi nzima ilikuwa inatafuta tangawizi na limau. Kitu cha kumpa mgonjwa tunakimwagia sumu juu ya sumu kwa sababu tumechelewa, sikubaliani nayo kabisa.

Maoni yangu ni haya, vita ya kuoza unaishinda au unashindwa kabla hujapanda, na askari wake wakubwa ni bakteria wazuri wa kwenye mizizi. Mjerumani Lorenz Hiltner mwaka 1904 ndiye aliyelipa jina lile eneo dogo la udongo linalozunguka mzizi, rizosfia, ni milimita chache tu lakini ndo penye maisha yote. Mzizi wenyewe unatoa sukari kidogo kidogo, bakteria wanaifuata, na sio bure, wanalipa kwa ulinzi. Basilasi, aina mojawapo ya bakteria hao, anajipaka kwenye mzizi na kutoa vitu vinavyotoboa kuta za fangasi. Sudomonasi, aina nyingine, ananyakua madini ya chuma yaliyopo karibu, vimelea wanakosa. Wengine wanauamsha mmea ujiandae mwili mzima, hadi majani ambayo wao hata hawajayafikia.

Sasa hawa bakteria siku hizi wanauzwa kwenye pakiti, na hapo ndo tunaharibu. Mtu tangawizi imeshaoza nusu ndo anaenda kununua, wale ni walinzi bana, mwizi akishamaliza kubeba vyombo mlinzi atakusaidia nini? Mwingine anachanganya pakiti na dawa ya shaba kwenye bomba moja, shaba inaua bakteria, umewanunua na umewaua saa hiyo hiyo. Na uliza ilihifadhiwa wapi, basilasi ana mbegu ngumu inayovumilia joto na ukavu ila sudomonasi hana, akikaa rafu ya dirishani jua linapiga umeuziwa unga tu. Wanaofaa unawaweka kwenye mbegu kabla ya kupanda, jioni jua limepoa, na udongo uwe na mboji iliyoiva, kwa sababu ukiwaweka kwenye udongo uliochoka kwa mbolea ya chumvichumvi kila msimu watakufa njaa.

Hata hivyo bakteria peke yao hawafuti kosa la mbegu mbovu. Bei ilipopanda ile 2020 watu tulinunua mbegu popote, tukapanda tangawizi juu ya tangawizi bila kupumzisha, na mi naamini sehemu kubwa ya kuoza tunakokuona tulikubeba wenyewe kwenye viroba. Tunguu la mbegu lichaguliwe moja moja, lenye doa laini litoke. Tuta liwe juu maji yasisimame.

Ile robo eka yangu sa hivi ina mahindi, na sirudishi tangawizi pale karibuni maana vimelea hawa wanakaa udongoni miaka. Nimehamia kipande cha juu, nimechimba mfereji pembeni maji yasipite katikati ya matuta. Mzee jirani wa shamba la juu nilimfuata nyumbani nikamwambia shikamoo, nimekuja tuongee habari ya maji, nikamweleza yote. Alinisikiliza akasema, "Mwanangu, hata mimi kona ile ya mgomba majani yameanza njano, sikutaka kusema." Kesho yake tulienda wote na glasi ya maji.