Saïo: jina tunalolitaja kila siku

Tarehe 3 mwezi wa saba nilimwandikia mdogo wangu aliye Bukavu, Kongo: "Leo ni siku ya Saïo." Jibu lilikuja haraka kuliko kawaida: "Saïo ya kambi? Yaya, umesikia nini? Huku kumetulia." Maskini, alidhani nina habari za risasi.

Simcheki. Nimekulia Kadutu, hukohuko Bukavu, nikilitaja jina hilo bila kuliuliza lilikotoka. Kambi Saïo kwetu ilikuwa askari na bunduki zao na wake zao wanaouza makala ya kupikia. Nilidhani Saïo ni kanali fulani wa zamani, au mwenye shamba aliyenyang'anywa ardhi. Ilibidi nipande ndege, nizoee koti la baridi hapa Liège, Ubelgiji, ndipo nijue kwamba Saïo ni mji wa milimani, magharibi mwa Ethiopia, ambao siku hizi unaitwa Dembi Dolo. Tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri pale mbele ya Jenerali Gilliaert wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo ya Wabelgiji. Gilliaert alikuwa Mbelgiji. Waliopanda ule mlima walikuwa Wakongo.

Na angalia mwaka. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imeangukia mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940, serikali yake imekimbilia London. Yaani mwenye nyumba amefungiwa ndani, boi ndiye yuko nje anafukuza wezi. Walitoka Kongo kwa malori, wakavuka Sudani, wakapanda meli za mto Nile, wakaichukua Asosa, wakaichukua Gambela, halafu wakakwama miezi chini ya milima ya Saïo. Mvua ilikuwa inanyesha na chakula kinatoka mbali mno.

Ndugu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Sisi watoto tulimwita Koko Soda. Hakutusimulia risasi hata siku moja, alisimulia njaa. Ukibakiza fufu kwenye sahani anakwambia, "Ungekuwa Saïo ungelamba hata sufuria." Na hata hapo, sisi tulidhani anasema habari za kambi! Alikuwa na medali moja. Utepe wake ulishaoza, akaifunga kwa kamba ya kiatu. Aliivaa siku za kwenda kuulizia pensheni tu, kwenye ofisi moja ambako kila mara aliambiwa arudi mwezi ujao. Alirudi miezi mingi. Aliporudi nyumbani aliivua kabla ya kuvua kofia.

Sasa njoo huku. Tarehe 11 Novemba Ubelgiji hawaendi kazini, wanakumbuka mwisho wa vita vya 1914-1918. Mwaka wangu wa pili nilifuatana na wenzangu wa kazi hadi Ypres. Pale kwenye lango la Menin, kila jioni saa mbili kamili, magari yanasimamishwa na tarumbeta zinapigwa. Kila jioni, tangu 1928, isipokuwa miaka ile Wajerumani walipoukalia mji. Kuta zimejaa majina ya askari wa jeshi la Uingereza ambao miili yao haikupatikana, zaidi ya 54,000. Nilimwona mama mmoja mzee amepanda kijingazi, anapitisha kidole juu ya jina moja, herufi kwa herufi, kama mtu anayempangusa mtoto uso. Hata Wahindi waliokufa kwenye matope yale majina yao yamo. Nilisimama pale nikahesabu yangu.

Maana vita hivyohivyo vilipita kwetu. Mwaka 1916 Force Publique iliondoka upande wa Kivu, ikaingia Kigali mwezi wa tano, ikaichukua Tabora tarehe 19 Septemba. Jenerali Tombeur alipewa sifa, na jina lake likabaki Tombeur wa Tabora. Lakini mizigo, risasi na chakula vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Wanahistoria wanataja wapagazi wapatao 260,000. Nani anaweza kunitajia watano?

Bruxelles kuna mnara wa kuwakumbuka askari wa vita vya Afrika, kwenye uwanja wa Riga, Schaerbeek. Nilikwenda Jumamosi moja. Tulikuwa wawili: mimi na bwana mmoja aliyeleta mbwa wake kukojoa. Kwa hiyo msidhani nasema Wazungu wanajua kukumbuka. Wanajua kukumbuka wa kwao. Mzee Albert Kunyuku, Mkongo aliyejiunga na jeshi hilo 1940, alivishwa nishani na Mfalme Philippe mjini Kinshasa mwezi wa sita 2022. Alikuwa na umri wa miaka 100! Nilifurahi, halafu nikaona hasira. Angekufa na miaka 99 je?

Rafiki yangu mmoja tunayekutana naye Matonge ya Bruxelles hapendi kabisa habari hizi. Ananiambia, "Unawalilia watu waliobeba bunduki ya Bula Matari, serikali ya mkoloni? Jeshi hilohilo si ndilo lililotuchapa chikoti?" Ana haki. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka uleule wa 1941, miezi mitano tu baada ya Saïo, Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière waliogoma walimiminiwa risasi, na walioshika bunduki walikuwa wana wa nchi pia. Sitaki kulificha hilo. Lakini Koko Soda hakuchagua vita, kama vile pagazi wa 1916 hakuchagua mzigo. Nami sidai sanamu ya shujaa. Nadai orodha, wale wachimba madini nao waandikwe humo. Na hawa askari wa kwetu wanaozikwa siku hizi, ambao wajane wao wanazunguka na mafaili chini ya kwapa kama Koko alivyozunguka na medali yake. Na wao ni nani anayewaandika?

Basi nilimwomba mdogo wangu aende kwa shangazi akafungue lile sanduku la bati. Medali haimo, inasemekana watoto waliifanya uzito wa nyavu ziwani. Kijitabu cha jeshi kipo, akanitumia picha. Panya wamekula kona ya namba. Mahali pa jina, karani aliandika jina la kijiji chetu, tena kwa makosa, na mahali pa kijiji akaandika jina la baba yake. Jina lake mwenyewe halipo popote. Nimemuuliza shangazi Koko Soda aliitwa nani hasa. Amesema atawauliza wazee.