Mguu wa kwenye stika ni wangu, ila dohani haikuanguka

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile stika ya mguu uliotokeza darini: ndiyo, mguu ni wangu. Soksi yenye tundu pia ni yangu. Lakini dohani (lile bomba la moshi la tofali juu ya paa) HAIKUANGUKA, mama mkwe HAKULAZWA, na huyo aliyewaambia kwenye grupu kwamba nyumba imeporomoka ndiye aliyekuwa kanishikia ngazi siku hiyo, kwa mkono mmoja, wa pili kashika simu anarekodi. Hapa nitamwita Shahidi, maana jina analostahili nikiliandika nafungiwa akaunti.

Waliofika kwangu hapa Leicester, Uingereza, wanazijua hizi nyumba, zile za enzi za Malkia Victoria zimebanana mtaa mzima, ukuta mmoja mnatumia wawili (wangu natumia na mzee mmoja wa Kihindi mwenye redio). Jumapili Shahidi kaja kula. Ni fundi, hawezi kumega ugali wa mtu kabla hajakagua nyumba. Kasimama kwanza barabarani anaangalia paa, kaingia sebuleni kaangalia ukuta, kapanda juu kachungulia chumba cha nyuma, karudi kanuna.

"Ile dohani kule juu imekaa juu ya nini?"

Nikamwambia si imekaa juu ya paa, we huoni?

"Paa halibebi tofali. Chini hakuna kitu, chumbani hakuna kitu. Sasa imeshikwa na nani?"

Msiojua: hizi nyumba zilijengwa na meko ya makaa ya mawe karibu kila chumba, na bomba la moshi linajengewa tofali pana linalotokeza ukutani kuanzia chini mpaka nje ya paa. Waingereza wanaliita kifua, msiniulize walikuwa wanawaza nini. Gesi ilipokuja watu wakaona makifua yanawamalizia nafasi, wakaanza kuyabomoa. Aliyekaa hapa kabla yangu kabomoa la sebuleni, kabomoa la chumbani, alipofika usawa wa dari nadhani kachoka, kaenda kuoga.

Na sarveya, yule anayekagua nyumba kabla hujanunua, aliandika jamani! Kwenye ripoti ipo, kwamba hajaona kinachobeba dohani, nikague kabla sijanunua. Mimi ripoti ya kurasa sitini na kitu nilisoma ule wenye bei. Mwanasheria naye akaleta kikaratasi cha bima ya kazi iliyofanyika bila kibali cha halmashauri, nikalipia, nikalala usingizi. Kumbe bima haibebi tofali.

Sasa. Chumba cha nyuma ndicho analala mama mkwe, wiki ya pili toka aje kutoka Tanga.

Nikapanda darini vile vile nilivyokuwa, na bukta. Ile yenye lastiki iliyokata tamaa. Nikawasha tochi, na nilichokiona mpaka leo nikifumba macho nakiona: mlima wa tofali kutoka usawa wa dari mpaka kwenye paa, tani nzima na zaidi, umekalia mbao mbili zilizolazwa tu juu ya boriti za dari, na kati ya ubao na tofali kuna kipande cha kigae kimechomekwa, kama vile mama ntilie anavyochomeka kadibodi kwenye mguu wa meza isiyumbe. Hiyo ndiyo injinia yote. Na chini yake, kwa hesabu ya haraka haraka, ni mto wa kulalia wa mama mkwe.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Darini unakanyaga boriti tu, katikati ya boriti ni dari tupu ya fito na chokaa, hilo nalijua, nimeshawahi hata kumfundisha mtu. Kisigino ndicho kilianza. Kikazama taratiiibu, kama kwenye ugali ambao haujaiva, nikasema moyoni siyo leo, nikasikia kwaa, likafuata goti, likafuata paja, halafu nikasimama ghafla kwa sababu boriti ilinipokea katikati. Wanaume mtanielewa kwa nini sekunde kadhaa sikuongea. Bukta ilikuwa imenasa kwenye msumari huku juu, kwa hiyo mguu ulishuka chumbani bila msindikizaji. Nikausikia upepo. Masizi ya miaka mia na ushee yanamiminika, nayasikia yanatua, na yanatua juu ya kitu laini.

Kimya.

"Baba Salma."

Na mimi, wadau, sijui ni malezi au ni uchawi, nikajibu: "Shikamoo mama."

"Marahaba. Huu mguu ni wako?"

"Ndiyo mama."

"Uvute basi. Sijamaliza uradi."

Alikuwa kwenye mswala. Kanga zake za kusalia zilikuwa nyeupe. Zilikuwa.

Kuvuta hauvutiki, nikapiga kelele Shahidi nikwamue, Shahidi anacheka mpaka ngazi inatetemeka, na hapo ndipo ikaja sauti kutoka upande wa pili wa ukuta, kule darini ukuta ni mwembamba: "Kijana! Usijitikise! Kaa hapo hapo, nakuja!"

Kiswahili. Mzee wa Kihindi. Miaka mitatu naongea naye Kiingereza cha habari za baridi, kumbe ni mtu wa Kampala, mmoja wa wale waliofukuzwa na Amin 1972 wakaja kujaa huku Leicester. Nikiwa bado nimepanda boriti kama punda nikaanza kukumbuka simu zote nilizopiga nyumbani nikiwa uani, kwa sauti.

Yaliyobaki ni mafupi. Mama mkwe kahamia sebuleni usiku ule ule. Injinia wa majengo kaja, hakusema kitu, kakipiga picha kigae. Jeki za chuma zimewekwa. Nikaulizia zile pembetatu za chuma za bei nafuu, zinaitwa kwa jina la mti wa kunyongea, kasema hapa ni boriti ya chuma, na halmashauri kuna fomu ya kuhalalisha madhambi ya mwenye nyumba aliyepita, ada nalipa mimi. Halafu sheria ya kuta za pamoja ya 1996 inataka jirani wa ukuta mmoja apewe barua miezi miwili kabla, au akubali mwenyewe kwa maandishi.

Nikampelekea jana jioni. Kavaa miwani, kasoma yote, kasaini pale pale, kanirudishia kalamu.

"Na redio nitapunguza," akasema.