Kuteua kwa makusudi si kuteua ovyo

Mtafiti akisema aliwateua watoa taarifa wake kwa makusudi, yaani kwa kuwa wanalijua jambo, huulizwa papo hapo: mbona hukuwapata kwa kura ya bahati nasibu? Wanaouliza wana hoja. Mwaka 1936 nchini Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kadi za maoni zipatazo milioni 10, majina mengi yakitoka kwenye orodha za wenye simu na magari. Zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon angeshinda uchaguzi wa rais. Mpinzani wake Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Kwa anayetafuta asilimia, sampuli nasibu, ile ya kura, haina mpinzani: watu 385 waliopatikana kwa kura halali wanatosha kukadiria kwa tofauti ya 5% juu au chini, kwa uhakika wa 95%.

Ila kura hiyo mara nyingi ni halali kwenye pendekezo la utafiti tu. Tuseme kaya 400 zimechaguliwa, na katika 120 hodi haikuitikiwa. Msaili aliyechoka huingia kwa jirani, maana kuna mtu. Hojaji 400 zinatimia, lakini washinda nyumbani wamezidi na watoka alfajiri wametoweka. Kurudi mara tatu kwa saa tofauti kungesaidia, lakini bajeti huwa imekwisha.

Anayeuliza “kwa nini” anahitaji kitu kingine: watu wanaolijua jambo kwa undani. Mwaka 2006 mtafiti Guest na wenzake walichambua mahojiano 60 ya Ghana na Nigeria, wakaona mada nyingi zilishajitokeza katika 12 ya kwanza. Hiyo 12 sasa inanukuliwa kama sheria, na inaniudhi, kwa sababu wahojiwa wale walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yaleyale. Ukichanganya wenyeji na wahamiaji, vijana na wazee, kila kundi linadai hesabu yake. Badala ya kukariri namba, hesabu mada mpya kila baada ya mahojiano matatu. Duru mbili zikipita bila jipya, mtafute kwa makusudi mtu unayedhani atapinga, ndipo ufunge.

Vigezo navyo viandikwe kabla ya kuingia uwandani: nani anaingia, nani anaachwa, kwa sababu gani. Kwa wanaofikiwa kwa kutajana, mhojiwa mmoja akikuelekeza kwa mwingine, anza na watano au sita wasiojuana, kila mmoja ataje watatu basi, na uchore nani kamtaja nani. Usipochora, hutagundua kwamba nusu ya sampuli yako ni kijiwe kimoja cha marafiki.

Mpaka wa kuteua kwa makusudi uko kwenye kuripoti. Mtafiti aliyewahoji vijana 20 kwa njia hii asiandike “70% ya vijana”. Aandike kwamba 14 kati ya 20 walisema hivyo, kisha aeleze wale sita wanatofautiana nao wapi.