Jumbe Tisa Zilizofutika Kaunta

Wiki mbili sasa na hasira bado hazijanishuka. Shangazi yangu wa Shela, hapa Malindi, alitapeliwa shilingi 85,000 za arubuni ya kiwanja. Ushahidi wote ulikuwa kwenye simu yake: jumbe tisa za sauti za usiku wa kuamkia siku tuliyoripoti, tapeli mwenyewe akitaja bei na laini ya kutumiwa pesa. Asubuhi tukaenda kituoni.

Afande alitupokea vizuri, hilo nalisema. Akachukua simu, akaingia WhatsApp, akaanza kusikiliza moja baada ya nyingine, data imewashwa. Nimesimama pale kaunta naona kile kialama cha kipaza sauti kinageuka buluu: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tapeli naye huko aliko alikuwa anaona kwamba zinasikilizwa. Hatujamaliza kuandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, jumbe zote tisa zimebaki na maneno yale yale: "Ujumbe huu umefutwa."

Angeiweka hali ya ndegeni tu! Simu isiyo hewani haifikiwi na amri ya kufuta. Na afande yule hakuwa mvivu wala hakutaka kitu kidogo. Hakufundishwa.

Sikatai, idara ya upelelezi wa jinai, DCI, wana maabara ya uchunguzi Nairobi, ilizinduliwa 2022, na wataalamu wapo. Lakini simu hufika kwao ikiwa imeshapekuliwa na vidole vingapi? Mafunzo yaanzie kaunta. Askari ajue kuikata simu mtandao kabla ya jambo lolote. Abonyeze *#06#, aandike zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye OB, na saa, na jina la kila anayeipokea. Wala asikimbilie kuizima. Simu ya mshukiwa ikishafunguliwa mara moja tangu iwashwe, funguo za data zake huwa zimo kwenye kumbukumbu ya muda ya simu. Ukiizima zinapotea, na mtaalamu asiye na PIN huenda asiambulie kitu.

Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti cha kueleza nakala ilipatikanaje na kwa kifaa gani. Cha 78A, tangu 2014, kinamtaka hakimu aangalie data ilitunzwa vipi. Wakili wa mshtakiwa ataanzia hapo hapo: nani aliishika simu hii kwanza?

Na wafundishwe kutopitia picha zetu. Ibara ya 31 ya Katiba inamlinda hata mlalamikaji.

Asiniambie mtu kwamba kesi nzito ziko Nairobi. Msitu wa Shakahola uko upande wetu huu, na 2023 miili ya waumini wa dhehebu iliyofukuliwa kule ililetwa mochari ya hapa hapa mjini. Tulisimama kando ya barabara tukiyatazama magari.

Siku ile Shangazi hakupiga kelele. Alimuuliza tu, "Na zile sauti tulizosikia mimi na wewe, afande, hazihesabiki?"

Afande akaitazama simu kitambo. Kisha akavuta kalamu. "Nieleze ulivyosikia, mama. Pole pole, nami niandike."