"Mwalimu, hatusikii swali": waya, waifai na darasa mseto

Mwanafunzi wa mstari wa nyuma anauliza swali. Mwalimu analisikia, darasa linacheka kidogo, mjadala unapamba moto. Walioko nyumbani wanachokiona ni mwalimu anayetikisa kichwa na kujibu kitu wasichokijua. Dakika moja baadaye ujumbe unatokea kwenye skrini: "Mwalimu, hatusikii swali." Nimeuona ujumbe huo mara nyingi kiasi kwamba sasa nikiitwa kwenye kikao cha kupanga vifaa vya darasa mseto (wengine chumbani, wengine nyumbani kwa mtandao), huwa nangoja kuona kama kuna mtu atautaja. Kwa kawaida wanaanza na kamera.

Vyuo vingi vya huku kwetu viliingia kwenye mambo haya kwa kusukumwa, baada ya kufungwa Machi 2020. Corona ilipopungua, wanafunzi walio kazini hawakutaka tena kusafiri kila Jumamosi, na uongozi ukaona ada zao ni tamu. Hapo ndipo mabishano yalipozaliwa, na pande zake ni mbili. Wa kwanza wanasema: tandaza waya, weka swichi ya mtandao inayopeleka umeme na data kwenye kebo moja (PoE), funga kamera na maiki, darasa liwe tayari muda wote. Wa pili wanasema: kompyuta mpakato, kamera ndogo ya USB, waifai, basi.

Upande wa pili hudharauliwa bure. Vifaa vyake ni nafuu, vinahamishika, na vikigoma mwalimu mwenyewe anachomoa na kuchomeka tena bila kumngoja mtu wa TEHAMA. Umeme ukikatika, kompyuta ina betri yake na kamera inakula humohumo, kwa hiyo mwalimu anawasha data ya simu na kipindi kinaendelea. Nimesimamia madarasa yenye mitambo ya kudumu ambayo fundi aliyeifunga aliondoka na nywila kichwani, kabati la swichi likabaki limefungwa stooni, na mwalimu akarudi kwenye simu yake iliyoegemezwa kwenye rundo la vitabu. Uwekezaji ule wote ulishindwa na simu na vitabu vitatu.

Ila upande huo una ukuta wake. Kebo ya kawaida ya USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, na darasa la watu arobaini ni refu kuliko hapo. Kamera inalazimika kukaa karibu na kompyuta, kompyuta karibu na mwalimu, na wanafunzi wa nyuma wanatoweka kwa picha na kwa sauti. Halafu waifai. Watu hudhani tatizo ni ukubwa wa intaneti, kumbe Zoom inahitaji kama Mbps (megabiti kwa sekunde) 3.8 tu kupandisha picha kali ya 1080p kwenye mkutano wa kikundi, na 2.6 kwa ile ya chini yake, 720p. Tatizo ni foleni. Waifai ni bomba moja la mtaa: mmoja anachota, wengine wanangoja. Masafa ya 2.4 GHz yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, na wanafunzi arobaini wameingia na simu arobaini mfukoni, kila moja inapakua kitu. Ukurasa wa tovuti ukichelewa nusu sekunde hakuna anayejali. Sauti ikichelewa nusu sekunde, neno limeliwa.

Kwa hiyo kwenye suala la njia nimeshachagua: chochote kilichofungwa ukutani kipewe waya. Simu ndizo za waifai, na zitengewe VLAN yao, yaani njia yao iliyotengwa ndani ya mtandao huohuo, zisigombane na kamera.

Lakini waya nao una uongo wake, na uongo huo nimeulipia. Tulifunga kamera inayogeuza shingo, umbali wa kama mita 70 kutoka kwenye swichi. Ikitulia, picha safi kabisa. Mwalimu akihamia upande wa pili, kamera inaanza kugeuka kumfuata, ghafla skrini inakuwa nyeusi. Baada ya dakika inawaka upya, inatazama dari. Tulibadilisha kamera, tukabadilisha tundu la swichi, tukasoma mipangilio yote. Siku ya tatu nilikata kipande cha kebo nikakwangua kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba. Boksi lilikuwa limeandikwa Cat6, daraja la kebo nzuri ya mtandao, kwa herufi kubwa. Ukinzani wa kebo ya namna hiyo ni mkubwa kuliko wa shaba tupu, kwa hiyo mota ilipodai umeme wa ziada, volti zilizofika hazikutosha. Data ilikuwa inapita vizuri, ndiyo maana kipimo cha fundi kilionyesha taa za kijani tupu.

Kiwango cha PoE kiitwacho 802.3at kinatoa wati 30 kwenye tundu la swichi na kuhakikisha 25.5 kwenye kifaa, kwa waya wa shaba usiozidi mita 100. Mtego mwingine ni jumla. Swichi ya matundu 8 inayotangaza wati 30 kwa tundu haimaanishi ina wati 240. Nyingi za bei ya chini zina 60 au zaidi kidogo kwa matundu yote. Kamera mbili zikigeuka pamoja zimekaribia kuzimaliza, na bado hujaweka maiki wala kifaa cha waifai. Namba hiyo ya jumla isipoandikwa kwenye zabuni, utaletewa swichi rahisi kuliko zote sokoni, na kisheria hutakuwa na la kusema.

Faida kubwa ya mfumo huu wa waya, ambayo wanaoutetea huisahau, ni kwamba UPS (betri ya akiba) moja kwenye kabati inabeba kamera, maiki na waifai kwa pamoja. Pale ambapo umeme hukatika mara mbili kwa wiki, hilo lina uzito kuliko ubora wa picha.

Sasa sauti, maana ndiko alikobaki yule mwanafunzi wa nyuma. Maiki za darini zinapendeza kwenye picha za matangazo: hakuna waya, hakuna mtu wa kushika chochote. Kwenye chumba chenye kiyoyozi na dari nzuri zinafanya kazi. Darasa letu lina pangaboi nne na paa la bati. Kadiri umbali kati ya mdomo na maiki unavyoongezeka maradufu, sauti inashuka desibeli 6, na pangaboi liko karibu na maiki kuliko mwanafunzi yeyote. Mvua ikinyesha, usiulize. Mimi ningempa mwalimu maiki ya kifuani na darasa maiki mbili za mkononi zisizo na waya, zipitishwe kwa anayeuliza. Zinapoteza sekunde chache kila swali, na wapo wanaoona aibu kuzishika. Hata hivyo swali linasikika.

Na huko nyumbani? Picha ya Mbps 2.5 kwa saa moja inakula zaidi ya GB 1 ya bando. Sauti peke yake, kwa kbps 80, ni kama MB 36. Mwanafunzi anayenunua bando kwa siku ataizima picha ya mwalimu hata ikiwa ya 4K, na yuko sahihi. Kamera ya bei mbaya inanunuliwa kwa ajili ya mtu ambaye haangalii.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, na swichi yoyote ya chumbani isingesaidia. Kipindi kilichorekodiwa palepale darasani kingeweza kutumwa baadaye, kwa hiyo nafasi ya kurekodi iwe ndani ya chumba, isitegemee mtandao peke yake.

Nikipewa bajeti ndogo leo: kebo ya shaba tupu, mbili kwa kila sehemu, swichi yenye wati za kutosha na UPS yake, maiki tatu, na kamera moja ya kawaida isiyogeuka. Nywila iandikwe kwenye daftari la idara. Kamera ya pili isubiri mwaka wa fedha ujao, waya wake ukiwa tayari ukutani.